Marfan ukubwani: kuzunguka kliniki au siku moja na timu?

Binamu yangu wa Mbagala ana Marfan, ugonjwa wa kurithi unaompata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Hitilafu iko kwenye jeni ya FBN1, na haichagui kiungo kimoja: moyo, macho na mifupa vinaguswa.

Mpaka sasa anazunguka. Jumatatu moyo, Alhamisi macho, mwezi ujao mgongo. Akikosa siku moja, nyingine zinabaki, hilo nalikubali. Ila kila daktari anaona kipande chake. Mwaka jana zahanati moja ilimwandikia siprofloksasini, antibiotiki, kwa UTI. Dozi ya kawaida, lakini Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 kuhusu kundi hilo la dawa kwa wenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, iliyotanuka. Yake ina upana wa milimita 44. Aliyeshtuka ni mfamasia wa mtaani, tena kwa kuuliza tu, "Kaka, losatani unatumia ya nini?" Ni dawa ya presha ambayo wenye Marfan hupewa kulinda aota.

Njia ya pili ni timu: siku moja, faili moja, nesi mratibu mwenye namba yako ya simu. Pale Upanga, Muhimbili, JKCI ya moyo na MOI ya mifupa ni majirani, hivyo umbali si kisingizio. Kazi ni kuwakutanisha mabingwa. Ukikosa siku hiyo, utasubiri sana.

Mimi nachagua timu, hata nusu yake: daktari mmoja kiongozi, na daftari lenye kipimo cha aota ukurasa wa kwanza. Binamu kashanunua, la kava gumu.