Honda CG125 ya zamani: bloku mpya ya elfu 65 iliniangusha, ile ya zamani iliyochongwa ndo inatembea mpaka leo

Nina mwaka na nusu na hii pikipiki toka niichukue ikiwa imekufa, sa hivi imeshatembea zaidi ya kilomita 4,000 baada ya kuifufua kwa hiyo naona naweza kuongea kitu kinachoeleweka. Naishi Ilomba hapa Mbeya, kazi yote nimeifanyia kwenye baraza la nyumba isipokuwa kukereza bloku (ile silinda ambayo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, kukereza ni kuichonga kwa mashine) na kushona kiti. Nataka kuongelea zaidi bloku maana hapo ndo pesa yangu ilipotea na hapo ndo watu wengi wanaopenda pikipiki za zamani wanaumia.

Niliipata Mbozi kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi, alizunguka nayo vijijini miaka na miaka, alipostaafu akaiweka bandani na magunia na jembe la ng'ombe ikakaa humo kama miaka nane. Nilipofika nikamwamkia, akanipeleka moja kwa moja mpaka bandani akavuta turubai akaniambia "mwanangu, kiki inashuka, hiyo ndo ya muhimu, mengine utayakuta mwenyewe." Alikuwa sahihi kabisa. Kiki ikishuka ujue pistoni haijaganda kwenye bloku. Tukamalizana laki tatu na nusu, kadi original ipo, nikalinganisha namba ya chesisi na namba ya injini nikaona zinafanana na kadi. Hilo usiliruke hata kama pikipiki imekuvutia namna gani, pikipiki ya zamani bila kadi ni chuma chakavu tu.

Kwa nini CG na sio nyingine? Honda waliitoa 1976 wakiwa wameifikiria kwa ajili ya nchi kama zetu, mtu anabeba mzigo, oili anabadilisha akikumbuka, barabara ni vumbi na matope. Haina cheni ya taiming ndani ya injini, valvu zinasukumwa na vijiti viwili virefu kutoka chini, kwenye kamu, mhimili unaozifungua, yenye mgongo mmoja tu. Vitu vichache, kwa hiyo vya kuharibika navyo ni vichache. Alafu Wachina wameikopi injini hii sana, bodaboda nyingi tunazopanda kila siku zina injini ya mtindo huo huo wa CG, ndo maana klachi pleti, gasketi, kebo, oilsili na kabureta utavikuta Mwanjelwa duka lolote la spea. Ila kuwa makini na ukubwa, CG125 bloku yake ni milimita 56.5, ile ya 150 ni milimita 62, ukimwambia muuzaji tu "nipe ya CG" anaweza kukupa yoyote. Nenda na cha kwako mkononi.

Kufungua hakukunisumbua, nilipiga picha kila hatua na bolti nikaziweka kwenye maboksi ya kibiriti nikaandika juu.

Tangi lilikuwa na kutu ndani mpaka ukilitikisa unasikia magamba. Nilinunua siki nyeupe lita tano, nikatia ndani na kipande cha cheni kuukuu nikaziba, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Siki ilitoka nyekundu kama chai ya rangi. Ukishamwaga usiliache hivyo hivyo, suuza na maji ya magadi kuua ile asidi, alafu likaushe haraka haraka, mimi nilitumia ile mashine ya saluni ya kukaushia nywele ya mke wangu maana ilikuwa Julai na Julai ya Mbeya kitu hakikauki, alafu nikamwagia petroli kidogo iliyochanganywa na oili nikalizungusha lote. Mpaka leo chujio la petroli liko safi. Elfu kumi na mbili tu, na kwangu hii ndo kazi iliyolipa kuliko zote kwa pesa iliyotumika.

Sasa bloku. Injini ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi wa bluu, yaani ringi, zile pete za kwenye pistoni zinazozuia oili isipande juu, zimeisha. Nikaenda duka moja mjini, jina sitalitaja, nikanunua seti nzima ya bloku mpya, pistoni, ringi, pini na gasketi kwa elfu 65. Kwenye boksi inang'aa, muuzaji akasema ni daraja la kwanza, nikaamini, na ile bloku ya zamani nikawa nataka kumpa jirani anayenunua chuma chakavu. Namshukuru Mungu siku hiyo hakuwepo nyumbani.

Nikafunga seti mpya, ikawaka vizuri, nikatembea taratibu wiki ya kwanza na ya pili, haina shida. Kufika kama kilomita 900 hivi nikaanza kuona oili inapungua, nikiteremka mlima nikiachia mafuta alafu nikivuta tena nyuma kunatoka moshi wa bluu, plagi nayo ina masizi yenye mafuta mafuta. Nikafungua. Nilichokikuta kilinikata maini kwa kweli, bloku ina michirizi ya kwenda juu na chini unaisikia kwa ukucha, nikachukua ringi ya juu nikaiingiza peke yake ndani ya bloku, nikaisukuma na kichwa cha pistoni ikae sawa, nikapima mwanya wa mdomo wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ya milimita 0.60 ikaingia bila kusukumwa. Ringi nzima ya injini hii mwanya wake unatakiwa ucheze kwenye 0.15 mpaka 0.35 hivi. Kilomita 900 tu!

Nilirudi dukani wakaniambia nimefunga vibaya, hawarudishi. Nikajitafakari kwa haki, kuna kosa moja la kwangu, ile bloku mpya niliifuta kwa kitambaa chenye petroli tu nikafunga. Bloku yoyote iliyotoka kuchongwa, iwe mpya dukani au imetoka kwa fundi, ina unga wa chuma na mawe umejificha kwenye mistari yake, petroli haiutoi. Inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga na brashi, mpaka ukipitisha kitambaa cheupe kitoke cheupe, alafu unapaka oili hapo hapo isipate kutu. Hilo sikulifanya. Ila hata ringi zenyewe zilikuwa laini, maana zile za zamani za mzee zilizokaa miaka na miaka zilikuwa na mwanya mdogo kuliko hizo za wiki chache.

Rafiki yangu akanielekeza kwa fundi kerezo mmoja mtu mzima maeneo ya Sido, anachonga bloku za pikipiki, matrekta na pampu za maji. Nikampelekea bloku zote mbili. Ile mpya aliishika akaiweka pembeni hata hakuipima. Ile ya zamani akaifuta, akatoa geji yake akapima juu, kati na chini, kila sehemu mara mbili, kwa mbele na kwa ubavu, akaandika kwa chaki kwenye meza. Akanishika kidole akakipitisha juu ya bloku karibu na mdomo, pale ringi zinapogeukia, kuna kingo ndogo kama ngazi. Akasema "umeisikia? Imeliwa hapa tu, mdogo wangu, chuma hiki bado kina nyama." Na akanikataza kitu ambacho nilikuwa nimeshakiamua, nilitaka achonge nikanunue pistoni baadaye. Alikataa kabisa kuanza kazi, akasema lete pistoni kwanza, pistoni ndo inachongewa bloku maana hata pistoni za saizi moja zinapishana kidogo, ukichonga kwa kukisia unaletewa pistoni inayogonga au inayobana.

Oversize (pistoni kubwa kidogo kuliko ya mwanzo) ya milimita 0.25 isingetosha kufuta ile kingo kwa hiyo tukaenda 0.50, yaani kutoka 56.5 mpaka 57.00. Pistoni na ringi zake nilipata kwa elfu 38, kuchonga elfu 25. Jumla elfu 63. Ona hapo, ni pungufu ya ile seti mpya iliyokufa. Alikaa nayo siku mbili, niliporudi ndani ya bloku kulikuwa na ile mistari ya kukatana kama wavu, mizuri mno, akanionyesha pistoni ikishuka yenyewe taratibu kwa uzito wake ikiwa na oili bila kuachia ghafla, nafasi aliyoacha ni kama milimita 0.04. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka.

Toka nimeifunga nimebadilisha oili nilipofika kilomita 100, tena 500, baada ya hapo kila 1,500. Natumia 20W-50 ya pikipiki, lita moja haiishi yote, na nasema ya pikipiki kwa sababu klachi ya hii injini inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, ukiweka oili ya gari zile zenye vilainishi vingi klachi inaweza kuanza kuteleza. Kilomita 500 za mwanzo sikuzidi spidi 50 na sikukaa kwenye spidi moja muda mrefu. Moshi hakuna. Kati ya oili na oili siongezi kitu.

Kuhusu kabureta, nilinunua mpya ya elfu 30 na ni nzuri, ila watu wa nyanda za juu msikilize hapa. Kabureta inatoka kiwandani jeti yake, kile kitundu kinachopitisha petroli, haijapangwa kwa ajili yetu, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Ndo ile pikipiki inakula mafuta, plagi nyeusi, na kupanda njia ya Chunya kuelekea Kawetere inakuwa nzito kama imebeba gunia la viazi. Nikabadilisha jeti kuu nikaweka iliyo ndogo kwa namba mbili na kuishusha sindano tundu moja, plagi ikawa rangi ya kahawia, mlima inaupanda kwa gia ya tatu. Nikishuka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu juu ya bahari, narudisha jeti ya mwanzo, kazi ya dakika kumi kwa bisibisi, usipofanya hivyo injini inachemka na kule joto lenyewe unalijua.

Rangi, nilikosea mara ya kwanza nikatumia makopo ya spre. Nilipiga siku ya mawingu, baada ya nusu saa tangi likageuka jeupe jeupe kama limepumuliwa, ni unyevu umeingia kwenye rangi. Na hata lililokauka, tone la petroli wakati wa kujaza likalifumua rangi mpaka kwenye praima. Mara ya pili nikasubiri Oktoba, jua kali, msasa wa maji, praima, rangi nyekundu ya gari, juu yake kliya (rangi angavu ya kumalizia) yenye hadina, dawa ya kuigandisha, nikaazima kompresa. Hiyo petroli haiigusi. Nyekundu ni ile ile iliyopo kwenye kadi, sikutaka usumbufu wa kubadili taarifa TRA, na uzuri bloku haina namba, namba ya injini iko kwenye krankesi, bodi ya chini ya injini, kwa hiyo kuchonga au kubadili bloku hakugusi kadi.

Kwa upande wa urembo nimeweka hendo pana ya chini, taa ya LED, na kiti kifupi cha rangi ya zambarau ameshona fundi makochi wa Soweto kwa elfu 40, amekifanyia haki, mishono miwili miwili. Vijana wengi wanakata mkia wa chesisi na kutoa madigadi waonekane kama wa kwenye picha. Mimi chesisi sikuigusa na sikushauri uiguse, na digadi la nyuma limebaki refu vile vile, maana anayeenda Tukuyu mwezi wa tatu na mvua ya Rungwe ile anajua matope yanaishia wapi, ni mgongoni.

Jumla na pikipiki yenyewe imenitoka kama milioni moja na laki moja, na humo ndani kuna elfu 65 na gasketi na makopo ya spre ambayo ningeyaokoa. Seti ya bloku ya elfu 65 siipendekezi kwa mtu yeyote, nyota moja kati ya tano na hiyo moja ni ya gasketi, zilikuwa nzima. Kazi ya fundi kerezo nyota tano bila kusita, kasoro pekee ni foleni, ukipeleka wakati wa kilimo matrekta yanatangulia.

Jumamosi iliyopita nimefungua kifuniko cha valvu injini ikiwa ya baridi, nikaingiza fila geji ya milimita 0.08 kwenye mwanya wa valvu zote mbili. Imepita ikiwa inakwaruza kidogo, vile vile nilivyoiacha kilomita 1,500 nyuma, nikafunga nikaenda zangu Uyole.