Kwa Kalashnikov, Izhevsk: nimetoka nimenuna

Mtembezaji nampa nyota moja, tena kwa kuwa sifuri haikubaliki. Makumbusho yenyewe sina ugomvi nayo. Huyu nilimkodi mwenyewe, nje, kwa hela yangu ya mwanafunzi.

Sisi tuliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, bunduki ya Kalashnikov, ile AK-47, tunaiita SMG. Nimeifungua na kuifunga nikiwa nimefungwa kitambaa machoni, afande kisogoni anahesabu, mafuta yananata vidoleni. Kwa hiyo nikiwa masomoni Urusi, likizo moja nikapanda treni hadi Izhevsk, mji unaofua silaha tangu 1807, nikaone Mikhail Kalashnikov, aliyeiunda, alikofanyia kazi hadi uzeeni.

Jamaa alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Utoto wa Altai, familia kuhamishiwa sehemu nyingine ya Siberia kwa nguvu mwaka 1930, kijana wa vifaru kujeruhiwa karibu na Bryansk 1941 na kuanza kuwazia bunduki akiwa kitanda cha hospitali: vyote dakika tano! Twende ukalenge shabaha, twende ukalenge shabaha. Nilishalipia, ndiyo, lakini ndilo lililonitoa huko kote?

Nikamuuliza habari za ile barua. Mwishoni mwa maisha yake mzee alimwandikia Patriaki Kirill, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, kwamba roho inamuuma: ikiwa bunduki yake imeua watu, je, yeye Mkristo ana hatia, hata kama waliokufa ni maadui? Jamaa akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Umekuja kulenga au kuungama?"

Akacheka, akaangalia saa.

Nikasusa. Nikarudi peke yangu kwenye vioo, nikaitazama ile AK, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye bendera ya jirani zetu wa Msumbiji. Mama mmoja mlinzi wa chumba, hatuelewani vizuri lugha, akanisogezea kiti chake. Nikakaa mpaka karibu na kufunga. Kwa kiti kile tu, nendeni. Nendeni bila mtembezaji.

Usiku, hasira zimetulia, nikakumbuka kwamba hata msemaji wa Patriaki alisema silaha ikilinda nchi, Kanisa liko pamoja na aliyeiunda. Pengine jamaa kachoka kuulizwa swali lilelile na kila mgeni. Haya, nyota mbili.

Lakini kile kicheko! Hapana. Rudisheni moja.