Maji ya gliserini: propanedioli au bayogesi?

Ukichemsha sabuni ya mawese kisha ukatia chumvi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, sabuni huelea juu. Chini hubaki maji ya kahawia, yanateleza kama ute wa bamia, na kostiki (soda kali ya kupikia sabuni) iliyobaki huwasha ngozi. Humo ndimo ilimo gliserini, takriban kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta. Huku kwetu Kigoma, mkoa wa michikichi, inaniuma kuona inamwagwa mtaroni.

Bakteria aina ya Clostridium butyricum huila gliserini pasipo hewa na kutoa propanedioli, malighafi ya nyuzi za nguo na plastiki. Ni bidhaa yenye thamani. Tabu ni kuwalea: tangi lisiwe na vijidudu vingine, joto libaki karibu nyuzi 37, na uchachu udhibitiwe muda wote. Kazi kubwa zaidi huja mwishoni. Propanedioli huchemka juu ya nyuzi 200, kwa hiyo maji yote lazima yavukizwe kwanza, na kuni zinateketea kwelikweli.

Mtambo wa bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na samadi, hauna makuu. Vijidudu vya samadi hufanya kazi pamoja, na gliserini kidogo huongeza gesi. Lakini punguza ukali wa kostiki kwanza, na usizidishe: asidi ikirundikana, vijidudu wanaotengeneza methani, ile gesi inayowaka, hufa. Chumvi nyingi nayo huwadhuru.

Kwa mchemshaji wa sabuni, mimi nachagua bayogesi. Propanedioli ningewaachia wenye kiwanda na maabara. Anza na kikombe kimoja cha maji ya gliserini kwa siku, uangalie moto wa jiko kwa wiki nzima kabla ya kuongeza.