Pedi feki za gemu zimeniharibia Trueno: uzoefu wangu na banda moja la gemu Mtwara mjini

Nimejaribu kulipotezea hili, limegoma. Kuna banda la gemu hapa Mtwara mjini, jina silitaji, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalipigia debe kwa kila mpenzi wa magari. Leo nasema kinyume. Kama unaifuata drifti, ule ustadi wa kupita kona gari likiteleza kwa upande, na hasa drifti ya magari ya zamani yasiyo na nguvu, usiende. Hela yako itakuuma.

Nianze na mapenzi yenyewe, maana bila hayo mtu ataona nagombania kitufe tu. Nacheza Gran Turismo 4, gemu la mbio za magari, lile la PS2 (PlayStation 2) lililotoka Japani mwishoni mwa 2004. Lina magari zaidi ya 700, na karibu kila anayeshika pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, anakimbilia majitu yenye nguvu. Mimi naichukua Toyota Sprinter Trueno, AE86, ya 1983. Injini ya lita 1.6, basi. Wakati Corolla wenzake wengi wa kizazi kile walishahamia kuvutwa na tairi za mbele, hili lilibaki kusukumwa na za nyuma, na ndiyo roho yake yote. Navalisha tairi za N1, zile zinazoshika lami vibaya kuliko zote, nazima vile visaidizi vya kulituliza gari, naenda Tsukuba, uwanja wa mbio wa Japani uliomo kwenye gemu.

Sasa sikilizeni kwa nini gari dhaifu ni gumu na tamu kuliko lenye nguvu. Jitu la kimarekani ukikosea kuingia kona, unakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka, mkia unatoka. Mafuta yanakuokoa. Trueno haina cha kukuokoa. Mwendo ulioingia nao konani ndio huohuo utakaoishi nao mpaka utoke. Ni kama mtu wa baiskeli mwenye gunia la korosho: kasi anaitafuta kabla ya mlima, akishaanza kupanda miguu haina pa kuitoa. Kwa hiyo mkia unautoa kwa breki. Unaminya kidogo, uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, unakata usukani, unaachia breki taratibu huku gari limeshaanza kulala upande, kisha unakata kinyume na kukanyaga mafuta yote. Ukiminya breki zaidi ya hapo kasi imekufa, na injini ile haina ubavu wa kuirudisha.

Ndiyo maana pedi ni kila kitu. Pedi orijino ya PS2 vitufe vyake vinahisi kidole. Kitufe cha mraba ukikigusa kwa ulaini, gari linafunga breki kwa ulaini. Ukikiminya kwa nguvu, linafunga kwa nguvu. Wengi wamecheza miaka na miaka bila kulijua hilo, kwa sababu kwenye gemu la mpira hawakulihitaji sana. Kwenye Trueno bila hilo hakuna drifti.

Msimu wa korosho ulipofunguka na hela kuanza kuzunguka mjini, banda likajaa watu wa mpira asubuhi mpaka usiku, pedi zikachoka, wakaleta mpya. Feki. Nilijua kwenye kona ya kwanza. Nimegusa breki kwa ncha ya kidole, gari likafunga breki zote kama nimekanyaga kwa mguu mzima, pua ikaenda moja kwa moja hadi kwenye mchanga. Nikarudia. Hivyohivyo. Nikabadilisha pedi, hivyohivyo. Vitufe vile vinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima.

Nikamwita kijana msimamizi, kwa heshima kabisa. "Mdogo wangu, hizi pedi breki hazisikii kidole. Zile za zamani zipo?"

Akajibu bila kugeuza shingo: "Kaka, pedi ni pedi. Wenzako wanafunga mabao nazo hizohizo."

Nikamweleza taratibu kama nilivyoeleza hapa. Akanyanyuka, akanipokonya pedi mkononi mbele ya watoto waliojaa kwenye benchi, akatoka kwenye Trueno yangu, akachagua Dodge Viper, akaikanyagia mafuta, mkia ukatoka, moshi ukajaa kioo. Watoto wakashangilia. "Hii hapa, mbona inateleza? Tatizo lako unachagua magari ya babu." Kisha akanirudishia pedi na kusema muda wangu unakaribia kuisha. Muda alioula yeye!

Magari ya babu. Keiichi Tsuchiya, Mjapani anayeitwa Mfalme wa Drifti, jina lake na la AE86 ni chanda na pete, na barabara za milimani alizojifunzia hazikuwa na nafasi ya kumwaga nguvu hovyo. Kabla yake, miaka ya 1970, Kunimitsu Takahashi alikuwa anaingia kona za mashindano kwa kuteleza, na kijana Tsuchiya akaiga kwake. Drifti ilikua kwenye magari madogo ya bei ya kawaida. Anayesema gari dogo haliwezi kuteleza hajui anachokisema, na aliyepewa kusimamia banda la gemu angalau asikilize.

Niwe mkweli lakini. TV zao bado ni zile za chogo, na kwa gemu hili hakuna TV bora zaidi. Kwenye nyingi za bapa unakata usukani sasa, gari linajibu baadaye kidogo, na kwa Trueno hiyo baadaye kidogo ni spini, gari linazunguka lenyewe. Pale kwenye chogo kidole na gari ni kitu kimoja. Diski yao haina mikwaruzo, feni inafanya kazi, na mama anayemiliki banda ni mtu wa watu, amewahi kuniongezea muda umeme ulipokatika. Kuna jioni moja, kabla ya pedi hizi, niliunganisha kona mbili za Tsukuba bila mkia kurudi katikati, na hata watu wa mpira waligeuka kutazama. Nikikumbuka hiyo jioni nataka kufuta niliyoandika juu. Sehemu nyingine ya kuipata raha ile mjini hapa sijaiona, Shangani mpaka Magomeni. Basi tuseme hivi: nendeni, ila ulizeni pedi kwanza.

Hapana. Sijamaliza, na hili ndilo linalonichoma. Wakati naondoka kijana alifungua droo ya meza kutafuta chenji, na ndani yake nikaiona. Pedi orijino, nyeusi, waya umekunjwa vizuri na kufungwa na mpira. Nikamuuliza hiyo ya nani. "Hiyo haitolewi, ni ya kwetu tukifunga." Yaani wakishafunga mlango wao wanacheza na pedi nzima, sisi tunaolipa tunapewa zilizokufa, na mtu alikuwa anajua tofauti iliyopo muda wote aliokuwa ananiambia pedi ni pedi!

Nyota moja, na hiyo ni ya TV. Mama mwenye banda, kama hili litakufikia: sidai nirudishiwe hela. Weka ile pedi mezani, hata kwa bei ya juu kuliko nyingine, nitalipa. Na huyo kijana anirudishie dakika zangu alizochezea Viper.