Klabu ya joging ya asubuhi pale Furahisha: 5,000 kwa mwezi, mi nawapa nyota nne

Wadau mlioniuliza kuhusu wale wenye tisheti za bluu mnaowaonaga Jumamosi asubuhi wakitokea viwanja vya Furahisha hapa Mwanza kwenda Capri Point, leo naandika yote kwa pamoja maana kujibu mmoja mmoja nimechoka. Kifupi hela yao ni halali kabisa na mimi sitoki pale. Ila kama unatafuta kupungua kilo kumi kwa mwezi mmoja hapo sio mahali pake, na kama hutaki watu wakujue jina na wajue unakaa mtaa gani, basi hapo napo hapakufai.

Wanavofanya ni hivi. Wanakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kumi na moja na nusu alfajiri mnatakiwa muwe mmefika. Siku mbili za katikati ni mizunguko humohumo uwanjani na mazoezi ya viungo dakika 45 hivi watu wawahi kazini, Jumamosi ndo safari yenyewe, mnashika barabara ya Makongoro mnaingia mjini, mnapita Kamanga, mnapita jiwe la Bismarck pale ziwani, mnazunguka Capri Point afu mnarudi. Kiingilio 10,000, mwezi 5,000, tisheti 15,000 na unaruhusiwa kulipa kidogokidogo, sijawahi kuona mtu anafukuzwa kwa kuchelewesha mchango. Wapo mama lishe, wapo walimu, bodaboda, vijana wa chuo, wavuvi wa Mwaloni wakiwa hawajaingia ziwani, na wastaafu wengi kuliko nilivotegemea.

Watu wamegawanywa makundi mawili, wakimbiaji mbele na watembeaji nyuma, na hili la watembeaji ndo lililonibakisha mimi maana nakaa dukani kutwa nzima kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, magoti yameshakua ya mtu wa kukaa. Kocha anakwambia tembea mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako ila kuimba huwezi, ukiona unaimba vizuri ongeza, ukiona huwezi hata kujibu salamu punguza. Basi. Hamna saa za kupima mapigo ya moyo wala nini. Na Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima anatakiwa apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, sasa jumlisha 45 za Jumanne, 45 za Alhamisi, na Jumamosi mnatumiaga lisaa na zaidi, umeshamaliza zako na wiki haijaisha. Hayo mazoezi ya viungo nayo, kuchuchumaa, kupiga pushapu hata za ukutani kwa wasioweza za chini, yanaingia kwenye lile sharti lao lingine la kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Kwa buku tano hiyo ni thamani kubwa.

Mkitoka mbio za Jumamosi mnakaa kivulini, na hapa ndo nataka niongee kwa kirefu maana hapa ndo wanapotofautiana na wengine.

Kuna mama nesi mstaafu ni mwanachama kama sisi, anakuja na mashine yake ya presha na daftari. Anapima bure, anakuandikia namba zako na tarehe, ukiwa umefika 140 kwa 90 au zaidi anakupima tena baada ya kupumzika na tena Jumamosi nyingine, ikijirudia anakwambia nenda hospitali, hagawi dawa na wala hakwambii uache za kwako. Mimi nadhani hii peke yake inatosha kumfanya mtu ajiunge, kwasababu presha wengi wetu haituumi popote, hamna kichwa kugonga wala nini, mtu anadunda tu na shughuli zake mpaka siku anapooza upande mmoja ndo familia inajua. Pale nimeona vijana wa miaka thelathini na kitu wanakutwa na presha, wanatibiwa mapema, wanaendelea na maisha.

Baada ya vipimo ni uji. Mama wa uji sio wa klabu, ana biashara yake, ila anawajua wote. Ulezi safi, kikombe 500, viazi vya kuchemsha na karanga, mayai ya kienyeji yakiwepo. Zamani sukari ilikua nyingi mno kwenye ule uji, mama nesi akamuomba taratibu, sasa hivi anapika sufuria mbili moja haina sukari kabisa, na nawaambia hiyo isiyo na sukari siku hizi ndo inaisha kwanza. Wanaongeleaga na chumvi pia, kwamba kiwango ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa kilima, na humo ndani kuna ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye chipsi na ya dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Watu wa ziwani hapo tunapaswa kusikiliza sana. Dagaa wenyewe hamna aliyewakataza, dagaa unamla mzima na mifupa yake unapata kalsiamu, samaki wetu hawana ubaya, shida ni mikono yetu kwenye kopo la chumvi na kwenye mafuta ya kukaangia.

Mwisho wa mwezi kila mtu analeta chakula cha nyumbani. Hii usiikose. Ugali wa muhogo, ugali wa mtama, mchemsho wa sato, mlenda, majani ya kunde yaliyoungwa karanga, michembe, maziwa ya mgando, mnakula sahani moja watu wanne watano mnapiga stori mpaka saa nne. Nimeona watoto wa chuo ambao maisha yao yote ni chipsi mayai wanauliza mlenda unapikwaje.

Sasa kuna baba mmoja mtu mzima sana, mkewe alishatangulia mbele za haki na watoto wako Dar. Huyu hakimbii na kutembea kwenyewe ni kwa shida, ila yuko pale kila mazoezi, kazi yake kutunza mizigo, simu, funguo na ndala za watu, na anaijua kila ndala ni ya nani. Kila anayefika lazima apite kwake amsalimie kwa Kisukuma, "mwangaluka baba", anajibu "mwangaluka mayu", anakuuliza jana umelalaje, mtoto amepona? Alinihadithia mwenyewe kwamba kabla ya hapo kuna siku zilikua zinapita hajaongea na mtu yeyote, na kupika alikua hapiki maana kupika chakula cha mtu mmoja anaona kama uharibifu wa mkaa, anakunywa chai na mkate analala. Sasa anakula na watu. Kuna siku hakuonekana, na yeye sio mtu wa kukosa, simu haipokelewi, vijana wawili hawakusubiri hata mazoezi yaishe wakapanda ile milima ya mawe ya Mabatini mpaka kwake wakamkuta ana homa kali hawezi kuinuka. Malaria. Wakambeba mgongoni kushuka nae maana gari haifiki pale juu, akapelekwa hospitali akatibiwa, na zamu ya kumpelekea chakula ikapangwa siku hiyohiyo kwenye grupu la WhatsApp. Nikajiuliza nani angejua? Jirani labda, au asingejua mtu mpaka siku ya tatu.

Ndo maana mimi nasema bidhaa kubwa ya hii klabu sio mbio. Ni kwamba ukikosekana unaulizwa.

Na hili sio maneno yangu ya hisia tu. Mama nesi aliwahi kutueleza kwamba mwaka 2010 watafiti wa Marekani, akiwemo Julianne Holt-Lunstad, walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000 wakakuta wenye uhusiano imara na watu wengine walikua na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi katika kipindi walichofuatiliwa, kwa asilimia 50, ukilinganisha na wenye uhusiano dhaifu. Kuna ule mwingine wa Harvard ulioanza 1938 na unaendelea mpaka leo, wamewafuatilia wanaume 724 wa kule Boston tangu wakiwa vijana, na mkuu wake Robert Waldinger anasema walipoangalia nyuma, walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndo waliokua na afya nzuri wakifika 80, na hilo lilionyesha vizuri kuliko hata kipimo cha lehemu kwenye damu. Na 2025 Shirika la Afya Duniani wakatoa ripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kwa mwaka. Watu wanadhani upweke ni ugonjwa wa wazungu. Hapana jamani, hapa mjini mtu amepanga chumba, katoka Ukerewe au Sengerema kutafuta maisha, kutwa kazini, usiku anajifungia na simu, huyo nae mpweke hata kama nyumba ina wapangaji kumi.

Mwili nao unaelewa. Ukikaa na mawazo peke yako muda mrefu mwili unabaki kwenye hali ya hatari, homoni za msongo ziko juu, presha inapanda, usingizi unakata, na mtu asiyelala vizuri atakula hovyo na mazoezi hafanyi. Mwenye watu anakumbushwa dawa, anakemewa akizidisha pombe, anapelekwa kliniki. Hizi tabia zinashikana mikono, ukivuta moja nyingine zinakuja.

Nilishawahi kulipia jimu, moja ya hapahapa mjini siitaji, 50,000 kwa mwezi, mashine nzuri, kiyoyozi, vioo kila upande. Vifaa vyao ni bora kuliko chochote klabu walichonacho na kama unataka kujenga misuli nenda tu hutojuta. Ila kila mtu ana vitu masikioni, unaingia unatoka hamna aliyekuangalia usoni, nilipoacha kwenda hakuna hata ujumbe mmoja. Klabuni nikikosa Jumanne tu saa mbili asubuhi simu inaita, "dada vipi, uko salama?" Sasa niambie ipi utaidumisha miaka kumi? Maana afya ya uzeeni inatafutwa kwa miaka, sio kwa miezi mitatu ya kabla ya harusi.

Tuje kwenye mapungufu, yapo. La kwanza usalama barabarani, hili linanikera kwelikweli, Jumamosi mnaingia Makongoro bado giza, daladala na bodaboda wanakimbia, na klabu nzima ina jaketi za kung'aa tatu tu, mbele moja nyuma mbili. Nimelisema kwenye kikao, wakasema mfuko haujakaa vizuri, ila hela ya spika mpya ilipatikana. Hiyo spika nayo izimwe mkipita kwenye makazi ya watu, kuna wagonjwa, kuna wenye vichanga, kumi na mbili kasoro asubuhi mtu anapigiwa mziki dirishani sio uungwana.

Michango. Mbali na ile 5,000 kuna mfuko wa kufa na kuzikana ambao mimi naukubali mia kwa mia, walikuja kwenye msiba wetu wakapika, wakachota maji, wakalala matanga na sisi. Ila harusi, kipaimara, sijui kumtoa mtoto nje, mwezi mwingine zinafuatana na kwa mwenye kipato kidogo inakua mzigo, kuna dada najua kaacha kuja kwa aibu ya kuwa hajachanga. Huyo ndo mtu tuliyemuhitaji pale kuliko wote. Viongozi wekeni wazi kwamba michango ya sherehe ni hiari na majina ya waliotoa yasibandikwe kwenye grupu.

Choo hakuna cha maana, wakinamama jipangeni mapema. Tisheti zinapauka baada ya kufua kidogo tu. Na vijana wa mbele wanapenda mashindano, ukiwa mgeni usiwafukuzie, kaa nyuma na sisi.

Kama hujui uanze lini, ile Jumamosi ya pili ya mwezi ndo nzuri kwa mgeni, si mnakumbuka Desemba 2016 mama Samia akiwa makamu wa rais alitangaza iwe siku ya mazoezi nchi nzima, basi pale wanaiheshimu mpaka leo, hawatozi mgeni chochote siku hiyo na mwendo ni wa taratibu. Njoo na maji, raba sio lazima ziwe mpya. Anayetokea Buhongwa au Igoma asijitese na siku za kati, Jumamosi peke yake wanakubali, siku nyingine tembea hukohuko kwenu na jirani yako. Una dawa za presha au sukari mwambie mama nesi kabla hujaanza, na kama una maumivu ya kifua usianze kabisa mpaka daktari akuone. Wazazi wasioweza kutembea waleteni pia, wakae na yule baba wa mizigo, viti vya plastiki vipo na vikijaa mama wa uji anatoa mabenchi yake.