Ukibisha, ndiyo herufi yako: uzoefu wangu na semina ya haiba

Aina 16 za haiba, zile za kipimo cha Myers-Briggs (MBTI) kinachompa kila mtu herufi nne za tabia yake, sitazieleza hapa. Ziko kila mahali, fungua simu yako usome. Nimekuja kumsema mwezeshaji, na hasa dakika moja tu ya semina yake, ambayo mpaka leo ikinijia usiku najikuta namjibu peke yangu kitandani.

Kazini tulijazishwa dodoso siku kadhaa kabla. Unapenda kukaa na watu au peke yako? Unaamua kwa kichwa au kwa moyo? Maswali mengi jibu langu la kweli lilikuwa "inategemea", ila hilo halikuwekewa nafasi. Siku yenyewe tukagawiwa karatasi za rangi zenye herufi nne, tukaambiwa kila mtu abandike yake kifuani. Watu wazima, wengine wanakaribia kustaafu, wanazunguka ukumbini wamebandikwa herufi, wanasomana vifua badala ya kusalimiana.

Yangu ilikuwa INTJ. Nikanyoosha mkono, kwa adabu kabisa, nikauliza: kwenye ripoti yangu ile I ya kwanza, ya ukimya, imeandikwa asilimia 51. Sasa mimi na mwenzangu mwenye 49, anayeitwa E, yaani mchangamfu, tunatofautiana nini hasa, mpaka tukae meza mbalimbali?

Mwezeshaji hakunijibu mimi. Aliwageukia wenzangu, akatabasamu, akasema, "Mmeona? INTJ hapokei kitu mpaka akichambue kwanza. Tunakushukuru kwa kutuonyesha mfano hai." Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna waliopiga makofi, jamani! Naye akabonyeza rimoti, slaidi inayofuata.

Hebu niambieni, mtu unajitetea vipi hapo? Ukikubali, ndivyo ulivyo. Ukibisha, ndivyo ulivyo zaidi. Ukinyamaza, basi ndiyo ile I inajidhihirisha. Hata mpiga ramli hubakiza mlango wa kukosea, atasema leo nyota zimefunikwa, rudi kesho. Huyu hana mlango huo. Kila neno linalotoka kinywani mwako linakuwa ushahidi wake.

Na swali langu halikuwa la ukorofi, lilikuwa swali lenyewe hasa. Baadaye nilikwenda kusoma, kwa hasira lakini nilisoma. Ukiwapima watu wengi kwa ukimya na uchangamfu, hawajigawi makundi mawili. Wengi wanajazana katikati, na wa pembeni kabisa ni wachache. Ndiyo sababu watafiti wengi wa saikolojia wanapendelea ule mfumo wa sifa kuu tano, ambao hukwambia umefika kiasi gani kwenye kila sifa na haukubandiki jina. Herufi zenyewe hukata katikati, palepale penye msongamano, kisha wa huku wanaitwa watu wa namna moja na wa kule namna nyingine. Matokeo yake wengi wakirudia dodoso baada ya wiki chache wanatoka na angalau herufi moja iliyobadilika. Nilirudia langu nyumbani. I ikawa E. Sijui sasa nihamie meza ipi.

Halafu kuna ile ya "hii ni sayansi ya Jung", aliyoirudia kila alipohisi tunasinzia. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika juu ya aina za watu mwaka 1921, hilo kweli, lakini hizi herufi nne si zake. Ni kazi ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, Wamarekani ambao hawakusomea saikolojia. Binti alianza kuliunda dodoso wakati wa Vita Kuu ya Pili, akitaka kuwasaidia watu, hasa wanawake waliokuwa wakiingia kazini, wapate kazi zinazowafaa. Siwadharau hata kidogo. Mtu asiye na shahada ya fani hiyo akakaa miaka na miaka anachekecha maswali yake, huyo namvulia kofia. Ninaowalalamikia ni hawa wanaoichuuza kazi yake. Maana wenye kuisimamia rasmi wanasema wazi kwamba kipimo kisitumike kuchuja waombaji wa kazi, na kwamba mwamuzi wa mwisho wa aina yako ni wewe uliyepimwa. Wewe! Si mwenye rimoti.

Jirani yangu wa mezani alisoma maelezo yake macho yakamlengalenga. "Hapa wamenisema mimi," akaninong'oneza. Nikaomba karatasi yake nisome. Kwamba anajali watu lakini wakati mwingine anahitaji faragha. Kwamba ana uwezo mkubwa ambao bado hajautumia wote. Nami ningelia kwa hayo, na wewe pia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake binafsi, kumbe wote walipewa maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Akawaomba wapime usahihi wake kutoka 0 hadi 5. Wastani ukapita 4. Sikumwambia jirani yangu. Alikuwa na furaha, na siku zile alikuwa na mambo mazito.

Sasa niseme na lingine, maana nisiposema nitakuwa mnafiki.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiomba nitumiwe ajenda ya kikao siku moja kabla. Mimi nikiulizwa jambo papo hapo nasema la kujaza nafasi tu, wazo lenyewe linakuja baadaye, nimeshafika nyumbani. Nimeliomba hilo kwa mdomo, nimeliandika, nimelikumbushia. Hakuna kitu. Baada ya semina, wiki ileile, ajenda ikaanza kuja. Bosi ameisoma ile ripoti, kuna mstari unasema watu wa aina yangu hupenda kujiandaa. Na vikao vimekuwa bora, si kwangu peke yangu. Kuna kijana mmoja pale ofisini hatukuwahi kumsikia sauti, siku hizi anakuja na hoja zake ameziandika na anatuliza kikao kizima. Kwa hiyo kitu hiki kinasaidia? Kinasaidia. Nilitaka hata kumwandikia yule mwezeshaji nimshukuru.

Nikaanza kuandika, nikaishia njiani. Kwa sababu ukilitazama tena jambo lile linachoma. Nimeomba mimi, mtu mzima, kwa kinywa changu, sikusikilizwa. Zimeomba herufi nne mara moja tu, zimesikilizwa. Yaani neno langu kuhusu nafsi yangu lilihitaji kugongwa muhuri na dodoso ndipo lipate uzito?

Na muhuri huohuo umenikata upande wa pili. Wasilisho kwa wateja, kazi ninayoipenda kuliko zote pale, kazi ninayojiandaa nayo mpaka nasimama mbele yao bila karatasi, nimenyang'anywa. Kwa upole. "Tumeona tusikuchoshe, wewe ni mtu wa ndani." Amepewa E mmoja, kijana mzuri sina ugomvi naye, ambaye aliniomba nimwandikie maneno ya kusema. Nilipomwendea bosi akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema anaelewa, INTJ huwa hawapendi mabadiliko wasiyoyapanga wao.

Mnaona ugonjwa umehamia?

Basi ukitaka kujaribu mambo haya, jaribu peke yako, chumbani, na kalamu. Pale maelezo yanapokukosea, andika pembeni kwa nini yamekosea. Mimi hapo ndipo nilipopata faida, kwenye sentensi nilizozikata. Nilipokata ile isemayo sipendi kusimama mbele za watu, niliandika ukurasa mzima bila kuinua mkono, na ukurasa huo ndio nitakaoupeleka kwa bosi, hauna herufi hata moja ya kifuani. Lakini kulipeleka kundi la watu wanaofanya kazi pamoja kwenye semina, wabandikwe karatasi, kisha warudi ofisini na majina mapya ya kuitana, hapana. Labda kwa mwezeshaji mwingine. Labda. Yule akiitwa tena, nimeshaomba likizo.

Nyota: kipimo nakipa mbili, ya pili ni ya ile ajenda. Nilikuwa naelekea kukipa tatu mpaka nilipofika kwenye habari ya wasilisho. Mwezeshaji hana nyota, na akisoma hapa asijisumbue kujibu kwamba hilo nalo ni la INTJ. Mara ya mwisho nilipopima nilikuwa E.