Sanduku la Umeme la Kupanda: Lafaa Uwanjani, Lalemea Lamu

Sanduku la umeme la kupanda, lile la safari lenye mota ambalo msafiri huketi juu yake akaliendesha, ni chombo kizuri mahali kilipokusudiwa, yaani kwenye sakafu ndefu na laini ya kiwanja kikubwa cha ndege, na hugeuka mzigo mara tu sakafu hiyo inapokwisha. Langu nimelitumia kati ya Lamu na Dubai kupitia Nairobi, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya msafiri ambaye safari yake huanzia kwenye boti, kwa kuwa sifa nyingi za masanduku haya hutolewa na watu wanaoshushwa na gari mlangoni mwa kiwanja. Bidhaa yenyewe si ngeni tena: Modobag ya Marekani ilianza kuchangishiwa fedha mtandaoni mwaka 2016, na siku hizi soko limejaa za China, zikiwemo za Airwheel. Langu ni la kiwanda kisicho na jina kubwa, lililonunuliwa Deira, mtaa wa Dubai, kwa fedha ambazo zingetosha masanduku manne ya kawaida yaliyo madhubuti.

Kuliendesha hakumshindi mtu. Unavuta usukani juu hadi ukwame, unakunjua vikanyagio viwili vya mbele, unaketi juu ya mfuniko, kisha unabonyeza kitufe cha mwendo kwa kidole gumba cha kulia. Breki iko mkono wa kushoto. Kijitabu chake kinataja mwendo wa kilomita 10 kwa saa, karibu maradufu ya mwendo wa kawaida wa mtu kwa miguu, na kwenye kumbi ndefu zenye milango isiyokwisha raha yake huonekana, hasa kwa aliyeshuka usiku akiwa na safari nyingine ya kuunganisha. Juu ya zulia hulegea na chaji hushuka haraka. Jambo ambalo mtengenezaji hakulifikiria kabisa ni mavazi yetu: kanzu haina budi kukunjwa hadi magotini, na buibui ni hatari zaidi, kwani upindo wake huning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Isitoshe, ruhusa ya kulipanda hutofautiana baina ya viwanja. Katika kiwanja kimoja mlinzi aliniashiria kwa mkono tu nishuke, nikashuka, na kuanzia hapo likawa sanduku la kukokotwa kama mengine.

Uzito ndio unaoanza kumsumbua mtu. Likiwa tupu, pamoja na betri yake, lina kilo 8 na nusu, kwa sababu mota, fremu ya chuma na usukani haviondoki hata usipovihitaji. Mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wa kati ya kilo 7 na 12. Kwa shirika la kilo 7, basi, sanduku limeshazidi kiwango kabla ya kutiwa kikoi kimoja. Nafasi ya ndani nayo imeliwa na vyuma hivyo hivyo, kiasi kwamba nguo za siku chache, viatu na zawadi ndogo za watoto hulijaza pomoni.

Betri inahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo safari inaweza kukwamia. Kanuni ya usafiri wa anga ni kwamba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati inayowekwa kwenye betri) hupita na abiria bila kibali maalumu, iliyo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na inayozidi 160 abiria haruhusiwi kuichukua. Ikiwa wati-saa hazikuandikwa, huzidishwa volti kwa ampea-saa: yangu ni volti 36 na ampea-saa 2, jumla yake 72. Anayetaka kununua alitazame hilo dukani, tena ahakikishe maandishi yamechapwa kwenye betri yenyewe na hayafutiki kwa jasho la mkono, kwani mkaguzi hasomi kijitabu chako bali husoma betri. Lililo muhimu zaidi ni kwamba betri iwe ya kutolewa. Sanduku likienda tumboni mwa ndege, betri hubaki na abiria ndani, ncha zake zikiwa zimefunikwa zisigusane na chuma, kwa sababu lithiamu ikishika joto huwaka moto mgumu kuuzima, na penye abiria moshi huonekana mapema. Mashirika makubwa ya Marekani yalianza Januari 2018 kukataa masanduku yenye betri isiyotoka, na bado yapo yanayouzwa kwa bei nafuu mtandaoni yaliyoundwa namna hiyo. Hata la betri ya kutolewa ni vyema kuliuliza shirika kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa kuna mashirika yasiyotaka hata kuyaona masanduku haya.

Sasa tuje nyumbani. Kutoka Nairobi kuja Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege cha Lamu, kuna ndege za rafadha zenye makabati madogo juu ya viti, na kuna zile ndogo zaidi za kutoka Wilson, kiwanja kidogo cha Nairobi, ambazo aghalabu huruhusu kilo 15 kwa jumla na hutaka begi laini linaloweza kubonyezwa. Kwa hizi za pili sanduku gumu la namna hii halina nafasi. Kwa zile za kwanza, sanduku huchukuliwa pale pale kwenye ngazi ya ndege, na hapo ndipo nilipochutama juani, nikafungua zipu, nikabonyeza kishikizo cha plastiki kilicho chini ya mfuniko na kuvuta betri ambayo haikutaka kutoka, huku foleni ikinisubiri nyuma. Kishikizo hicho ni kasoro ya wazi: ni kijembamba mno, na ukucha wa mtu mzima haukipati vizuri.

Ukishafika Manda, kiwanja kiko kisiwa kimoja na mji uko kisiwa kingine. Mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, kisha huteremshwa kwenye boti, na maji yakiwa yamekupwa boti hukaa chini sana ya ngazi. Hamali aliyelipokea langu alilipima kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili, akasema, "Ami, lina injini, na bado nalibeba mimi." Sikuwa na jibu. Maji ya chumvi yaliyoruka wakati wa kuvuka yalifika hadi kwenye tundu la chaji, ambalo kifuniko chake cha mpira hakizibi sawasawa, na siku chache baadaye vijipini vya ndani vilikuwa vimeshaanza kufanya kutu ya kijani.

Ndani ya mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, sanduku hili halipandiki. Vichochoro ni vyembamba, mifereji hupita kando ya nyumba, vizingiti na vidaraja havihesabiki, na punda aliyebeba mchanga hampishi mtu. Pwani mbele ya mji panaweza kupitika, lakini utafuatwa na watoto wote wa mtaa wa Mkomani. Mwenye kudhani kwamba hali hii ni ya visiwani tu, na kwamba nje ya kiwanja chochote cha nchi tajiri ataendesha apendavyo, ajue kuwa Japani chombo hiki huhesabiwa kuwa pikipiki ndogo inayohitaji leseni, polisi wa Osaka walimfungulia mtu kesi mwaka 2024 kwa kulipanda kando ya barabara, na viwanja vya Kansai na Chubu vimewaomba wasafiri wasiyapande ndani.

Wapo wanaoshauri wazee wenye maumivu ya magoti wanunuliwe masanduku haya. Siafiki. Mzee wa namna hiyo hapaswi kushika breki wala kuinua kilo 8 kwenye mashine ya ukaguzi. Aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari, naye atasukumwa hadi mlango wa ndege bila malipo. Anayefaidika kweli ni mfanyabiashara mzima wa afya anayeishi Nairobi au Mombasa na kupita viwanja vikubwa kila mara. Naye pia achague chapa yenye wakala wa vipuri anayejulikana, kwa maana betri ya langu haipatikani hapa, na fundi wa simu wa mtaani, baada ya kulisafishia tundu la chaji kwa spiriti, alinirudishia akisema mota hataigusa.